Mafuta Yaliyobaki Uwanja wa Ndege

Majengo, Pumwani
Jumatatu, 3 Februari 2025

Nasima,

Asalaam aleikum. Nimekutolea salamu kwa kuwa salamu ni haki ya kila Mwislamu, si kwa kuwa moyo wangu umetulia.

Naandika kwa kalamu, halafu naipiga picha karatasi na kukutumia kwa simu. Usishangae. Huu mwaka wa sita umeolewa na mume wangu, na hatujawahi kuzungumza zaidi ya shikamoo yako na marahaba yangu, tena mazishini na harusini. Sitaki kuanza leo. Sauti yako sitaki kuisikia, na yangu ikitetemeka sitaki uisikie wewe.

Jana nilimpigia baba Farid huko India. Wewe ndiye uliyemshikia simu sikioni, nilikusikia ukipumua. Sasa mke atamwambia nini mumewe na mwenziwe kashika simu? Nikamuuliza afya, nikamuuliza chakula, nikamuuliza miguu. Mwisho nikamuuliza mafuta. Akanijibu, "Mafuta yalibaki uwanja wa ndege."

Yalibaki kivipi? Yalikataa kusafiri? Chupa ile nilikupa mkononi, mlangoni kwangu, Farid mwanangu akiwa shahidi. Nikakwambia, hii isiingie kwenye sanduku, watairusha rusha itapasuka. Iwe mkononi mwako mpaka mfike. Ukasema, "Sawa, Bi Mkubwa." Basi hata kubeba chupa kumekushinda.

Labda hujui mafuta yale ni nini. Idarusi ni fundi cherehani tangu ujana wake, na cherehani yake ni ile ya kukanyaga. Miguu yake imekanyaga chuma miaka yote tuliyooana, na miaka yote hiyo akitoka msikitini baada ya isha anaketi, ananyoosha miguu, nampaka. Hata alipokuoa wewe hakuacha. Siku zako akilala kwako Lucky Summer alivumilia miguu ikiuma, akangoja zamu yangu. Yeye mwenyewe aliniambia.

Kikao cha ukoo kilikuchagua wewe umsindikize kwa sababu una pasipoti na umeshapanda ndege, na kwa sababu mimi presha yangu inapanda hata nikipanda ngazi. Nikakubali. Nilichotaka ni kimoja tu, na bado nakitaka. Apasuliwe mgongo, ainuke, arudi kabla ya Idi akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Nilikukabidhi mtu, nikakukabidhi na dawa yake. Dawa umeipoteza kabla ndege haijaruka. Nieleze.

Kadija


Chennai
4 Februari 2025

Bi Mkubwa,

Shikamoo. Wa aleikum salaam.

Barua yako nimeisoma nikiwa nje ya wodi, kwa kuwa mgonjwa alikuwa macho na sikutaka anione uso.

Mafuta hayakupotea, yalizuiwa. Kuna sheria ya vitu vya majimaji. Kila kinachomiminika, maji, maziwa, marashi, mafuta, hata dawa ya meno, huruhusiwi kuingia nacho ndani ya ndege mkononi ikiwa chombo chake kinapita mililita mia moja. Hivyo vichupa vidogo navyo vinatiwa pamoja kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani. Chupa yako ilikuwa ile ya sharubati, ya lita nzima. Mkoba ulipopita kwenye mashine ikaonekana papo hapo.

Nilimwambia askari kuwa chupa haijajaa, mafuta yenyewe ni nusu. Akasema wao hawaangalii kilichomo, wanaangalia chombo. Nikamwambia ni dawa. Dawa inaruhusiwa, akasema, iko wapi karatasi ya daktari? Sikuwa nayo. Masanduku yetu yalikuwa yameshachukuliwa, hakukuwa na namna ya kurudi nyuma. Chupa ikaingia pipani.

Ingekuwa ndani ya sanduku ingefika.

Daktari amepanga kumpasua Jumamosi, inshallah. Anakula kidogo. Wali wa huku anasema hauna nazi.

Wako mdogo,
Nasima


Majengo
6 Februari 2025

Nasima,

"Ingekuwa ndani ya sanduku ingefika." Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Umeliweka peke yake ili nilione vizuri. Nimeliona.

Sasa nikuulize. Wewe si ulifanya kazi Jeddah miaka miwili kabla Idarusi hajakuona? Ulikwenda kwa ndege, ukarudi kwa ndege. Sheria hiyo ya vichupa hukuijua jana. Uliijua siku ile umesimama mlangoni kwangu, umevaa buibui jipya, umeipokea chupa kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu. Ukajua kabisa haitafika. Ukasema sawa, Bi Mkubwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nimevalishwa na mume wangu mwenyewe.

Ulitaka afike huko bila kitu changu hata kimoja. Sema.

Halafu kuna hizi picha. Mama Wehliye, yule wa duka la maziwa, jana kaniuliza, "Bi Kadija, mzee anaendeleaje?" Kabla sijajibu akanijibu yeye. Kamwona amevaa gauni la hospitali, kamwona analishwa uji, kamwona ameegemea mto wa maua. Mtaa mzima umemwona. Kumbe unaweka picha kwenye simu yako kila asubuhi na watu wanatazama, na mimi sizioni kwa kuwa namba yangu hujaihifadhi. Wananiambia mashallah, mzee kapata mke wa kumtunza. Mie nasimama pale nimeshika paketi ya maziwa, natabasamu. Nilitamani kumwagia mtu yale maziwa.

Nina wivu, ndiyo. Siufichi. Anayekwambia uke wenza ni kupendana kama ndugu, mwambie aje Majengo nimwonyeshe kifua changu kinavyowaka. Nilikuwa na mume mzima, nikabakiwa na nusu. Sasa hata hiyo nusu imelazwa India na wewe umeishika mkono.

Na jingine. Baba Farid aliniambia ati ndani ya ndege alikuwa anasikia harufu ya karafuu njia nzima. Maskini. Ile sindano ya maumivu aliyodungwa kabla ya safari ilimpanda kichwani, akawa ananusa nyumbani kwake.

Kadija


Chennai
12 Februari 2025

Bi Mkubwa,

Shikamoo.

Farid atakuwa amekwambia kuwa upasuaji ulikwenda salama. Alhamdulillahi. Daktari alitoka akatuonyesha kidole gumba, na mimi nikakaa chini sakafuni palepale, watu wakidhani nimezimia.

Uliyoniuliza nakujibu. Ndiyo, nilijua.

Lakini na wewe kumbuka. Siku ile mlangoni nilifungua mdomo. Nilisema, "Bi Mkubwa, labda tungeitia sandukuni," ukanikata, "Mimi sijakuuliza." Farid alikuwepo. Nimelelewa nikiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi nikasikia la mkuu. Ningekubishia ungesema Nasima kakataa kubeba dawa ya mzee, na mtaa wote ungesema hivyo kabla hatujafika uwanjani. Na kwa kuwa umesema ukweli wako wa wivu, nami niseme wangu. Nilipokuwa kwenye foleni ya ile mashine nilifurahi kidogo. Nilitaka uone kuwa lipo jambo moja duniani ambalo Bi Kadija halijui. Furaha yenyewe haikufika hata mwisho wa foleni.

Picha nimeacha kuziweka. Namba yako nimeihifadhi.

Sasa yaliyopo. Mgongo unapona kwa jinsi wanavyotaka, ila mzee hataki kuguswa miguu. Kila asubuhi anakuja kijana wa mazoezi, anamkunja goti, mzee anapiga kelele hadi wodi ya pili. Jana kamsukuma kijana wa watu na mto. Anasema hasimami mpaka apakwe mafuta yake. Nikanunua mafuta ya duka la hapa hospitali, nikajaribu. Akaurudisha mguu ndani ya shuka, akanigeuzia uso ukutani.

Daktari alinivuta pembeni. Anasema mishipa iko sawa, lakini misuli ya miguu imelala na kila siku inazidi kulala. Asiposimama sasa, huku, mbele ya wataalamu, tutarudi naye Nairobi kwenye kiti cha magurudumu na hapo ndipo atakapoishia. Hii ndiyo hali, sikuongeza chumvi.

Nakaa kwenye nyumba ya jamaa za wagonjwa, ina jiko. Soko haliko mbali, na huku viungo ndiko kwao. Nakuomba unifundishe mafuta yale yanavyopikwa. Najua ninachokuomba.

Nasima


Majengo
15 Februari 2025

Nasima,

Hujui unachoomba. Wewe umeomba mafuta. Ulichoniomba ni kitanda changu.

Alipokuja kunieleza kuwa anaoa, niliketi jikoni nikajiuliza nimebakiwa na nini ambacho huyo binti hatakuwa nacho. Ujana unao. Kiuno unacho. Kiingereza unacho. Watoto Mungu akipenda utapata. Nikaona nina Farid na nina mafuta yangu. Farid kakua, ana mkewe. Kwa hiyo yalibaki mafuta. Hata mkwe wangu, mke wa Farid, huwa namtuma dukani nikianza kuyapika, ili asione.

Siku mbili nimekataa. Nilisema moyoni, na asisimame, arudi kwenye kiti, nitamsukuma mimi kutoka Majengo hadi Gikomba na kurudi, mtaa utaona ni mume wa nani. Nilifika hapo, Nasima. Nikajiogopa. Nikaenda kibandani kwake, nikafungua, nikaitazama cherehani imefunikwa kitambaa. Nyuma yake kuna suti ya mtu aitwaye Kadar, imeshonwa mkono mmoja tu. Nikarudi nyumbani nikatafuta kalamu.

Haya. Chukua mafuta ya simsim, si ya kukaangia, yale yanayonuka simsim yenyewe. Yaweke kwenye sufuria nzito na moto mdogo kabisa, yakitoa moshi umeyaua. Tia habasoda kiganja kimoja, karafuu nusu ya kiganja, na kitunguu saumu ulichokiponda na maganda yake. Ngoja mpaka saumu ibadilike rangi ikawa kama chai ya rangi. Ipua, funika, yalale hadi kesho. Asubuhi chuja kwa kitambaa cha pamba, usitumie chujio la chuma.

Kumpaka, anza kisiginoni. Kidole chako gumba kipande juu ya msuli wa nyuma polepole, usiteremke nacho. Ukifika gotini inua mkono, anza upya chini. Mguu wa kulia ndio uliokanyaga sana, huo usiuharakishe. Usimsemeshe. Akitaka kusema atasema.

Hayo ndiyo yote. Usiongeze wala usipunguze.

Sijakusamehe.

Kadija


Chennai
20 Februari 2025

Bi Mkubwa,

Shikamoo. Keti kwanza ndipo usome.

Yamekubali. Nilipika kama ulivyoagiza, mwenye nyumba akaja kunusa mlangoni akidhani nakaanga kitu. Nikayabeba wodini nimeyaficha chini ya mtandio. Nilipofungua kile kichupa, mzee akafumbua macho kabla sijasema. Nikaanza kisiginoni. Hakuurudisha mguu. Akavuta pumzi, akasema, "Hapo. Haya ndiyo mafuta ya Kadija. Hayajapungua hata chembe."

Tangu siku hiyo kijana wa mazoezi anamkunja goti bila vita. Jumanne aliketi ukingoni mwa kitanda. Jana alisimama ameshika ile fremu ya chuma, miguu ikitetemeka, jasho linamtoka, akasoma yaasini nzima akiwa wima. Lakini kupiga hatua hataki. Mguu haubanduki sakafuni. Anasema akiunyanyua ataanguka, na mgongo utafunguka. Daktari kamwapia kuwa hautafunguka, lakini hasikii. Tuna wiki moja tu kabla hawajatuandikia kuondoka, na wameshaanza kuniuliza kiti cha magurudumu tutanunua au tutakodi.

Hilo la kwanza. La pili ni hili, na nimeliandika mara tatu na kuchana.

Nikimpaka hufumba macho. Na akishafumba ananiita Kadija. "Kadija, hapo juu kidogo." "Kadija, leo mikono yako baridi." Mara ya kwanza nilidhani ni dawa za usingizi. Sasa dawa zimepunguzwa na bado naitwa Kadija. Mimi huendelea tu kupaka. Namvua soksi, namlisha, nambeba msalani, wauguzi wote wananijua kwa jina, halafu mwenyewe akipata raha anamwita mtu aliye Majengo. Umesema kifua chako kinawaka. Changu nacho hakijalala.

Na si mara ya kwanza. Lile la uwanja wa ndege sikukwambia lote. Askari alikuwa mama mmoja, kifuani ameandikwa Matheka. Aliponiona nimeikumbatia chupa na machozi yananilenga, akaniambia, "Dada, mimi nakuzuia kupita nayo tu. Ukiweza kuyatumia hapa, tumia." Nikasukuma kiti cha magurudumu cha mzee hadi ukutani, nikamkunja suruali, nikammiminia. Watu wanapita miguu mitupu, viatu mikononi, wanatutazama. Sikuwahi kumpaka hata siku moja, hakuniruhusu kamwe. Nilipaka ovyo ovyo, harakaharaka, hadi yakaisha, magoti yakawa yanang'aa. Alikuwa amedungwa ile sindano, macho yamefumba. Akatabasamu, akasema, "Kadija, leo umechelewa."

Kilichoingia pipani ni chupa tupu. Ile harufu ya karafuu ndani ya ndege haikuwa sindano. Abiria aliyeketi kando yetu aliomba kuhamishwa.

Nilikuandikia kuwa yalitupwa kwa sababu nilipendelea unione mzembe, unione hata mwenye nia mbaya, kuliko nikupelekee neno lile kwa mkono wangu. Sikutaka ulipate. Sasa umelipata.

Nasima


Majengo
21 Februari 2025

Nasima,

Nimeketi kama ulivyosema. Na bado nimeketi.

Barua yako niliisoma nikacheka, halafu nikalia, halafu mke wa Farid akaingia nikamwambia ni vitunguu, na hakukuwa na kitunguu hata kimoja pale mezani.

Sikiliza. Mapishi niliyokupa si kamili. Kuna kungumanga. Nzima, ikwanguliwe mbichi isichomwe, itiwe mafuta yakishapoa. Hiyo ndiyo siri yangu, ndiyo iliyonifanya nimtume mkwe dukani asiione. Nilipokuandikia kuwa hayo ndiyo yote, nilikuwa nayo kiganjani. Nilitaka upike, umpake, aurudishe mguu wake ndani ya shuka na kusema haya siyo. Nilitaka aseme haya siyo, Nasima. Hata kama asingesimama. Sasa wewe umeniona nilivyo.

Naye kasema hayajapungua hata chembe.

Miaka yote nimekwangua kungumanga mlango umefungwa, na mtu mwenyewe hakuwahi kuisikia. Nimewaza sana hilo leo. Kwanza nilihisi nimeibiwa, kwamba hata kile nilichodhani ni changu peke yangu hakikuwa kitu. Halafu nikalirudia lile neno la uwanja wa ndege. Hapo ulikuwa umempaka ovyo, kwa mkono usiojua, na bado akaniita mimi. Na huko umempaka mafuta mapungufu na bado ananiita mimi. Basi si kungumanga anayoijua. Nilikaa nalo hilo nikalionea raha, sikufichi, nikanywa na chai.

Raha yenyewe haikudumu, maana nilikufikiria wewe umeshika kitambaa, unamfuta jasho. Nisingeweza. Mtu kumfanyia yote hayo na kuitwa jina la mwenziwe, mimi ningempiga kwa ile fremu.

Wivu wangu haujaisha, usije ukajidanganya. Mkitua Nairobi tutarudi palepale, zamu zako zako na zangu zangu. Lakini mtu hajapiga hatua, na siku zinakwisha. Kama akiniita huwa unanyamaza, na yeye anaujua ukimya wako, huenda ndiyo maana mguu haubanduki. Mtu akiita na asiitikiwe huingiwa na hofu.

Kwa hiyo nakupa ruhusa, na sijui kama yuko mwanamke mwingine Majengo aliyewahi kuitoa. Akiita Kadija, wewe itika.

Kadija


Chennai
24 Februari 2025

Dada Kadija,

Shikamoo. Kungumanga nimenunua. Sijaitia. Nimeiweka kwenye mkoba, nainusa nikiwa peke yangu.

Juzi jioni nilikuwa kwenye mguu wa kulia, siuharakishi, kama ulivyosema. Macho yamefumba. Akaita, "Kadija." Nikaitika, "Abee."

Akafumbua macho yote mawili. "Nasima, mbona unaitika jina la watu?"

Kumbe hakuwa amelala, dada. Hajawahi kulala. Nikamuuliza, kwani huwa unamwita nani? Akasema, "Nikiumwa namwita Kadija. Wewe uko hapa, nikuite wa nini?" Nilikasirika, nikatamani hiyo fremu uliyoitaja. Nikamwambia nimeitika kwa ruhusa, mwenyewe kaniruhusu.

Akajiinua kwenye mto. "Kakuruhusu lini? Nyie mnazungumza?"

"Tunaandikiana."

"Tangu lini?"

"Tangu tufike."

"Mnaandikiana nini?"

Nikamjibu, "Yetu."

Ungemwona uso. Nimemwona akiumwa, nimemwona akiogopa kisu cha daktari, lakini uso ule sikuwa nimeuona. Akasema, "Miaka sita mimi ndiye ninayechukua neno la Majengo kulipeleka Lucky Summer, na la Lucky Summer kulirudisha Majengo. Nawapunguzia ukali njiani, mimi huyu. Leo mnaandikiana na mimi nimelala hapa katikati?" Nikamwambia ndivyo. Akataka simu asome. Nikamnyima. Akasema ni amri ya mume. Nikamwambia amri hiyo aipeleke kwanza kwa Bi Mkubwa, naye akikubali nitampa.

Jana hakunisemesha kutwa. Uji kaukataa, mafuta kayakataa, kanigeuzia mgongo wenye mshono. Nikaiweka simu dirishani, mahali anapoiona, nikaendelea na kazi zangu. Kila ikilia anageuka. "Huyo ni Kadija?" Simjibu.

Leo baada ya alasiri nilikuwa kwenye sinki nafua kitambaa, maji yamefunguliwa. Nikasikia kitu kikikwaruza sakafu. Nikadhani ni muuguzi na meza ya dawa. Nilipogeuka, kitanda kitupu. Fremu iko nusu ya njia, kaiacha. Mzee yuko dirishani, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika simu yangu, anabofya namba za siri na kukosea. Anahema. Miguu yote miwili sakafuni, ule wa kulia mbele.

Sikupiga kelele. Niliogopa atashtuka. Nikamwambia polepole, "Baba Farid, umefikaje hapo?" Akajitazama miguuni, kama aliyeambiwa kuwa kavaa kiatu cha mtu. Akaniuliza, "Namba ya siri ni ngapi?"

Daktari alikuja, kijana wa mazoezi akaja, wauguzi wakajaa mlangoni. Wamemtembeza tena hadi kitandani akiwa kawashika mabega. Kila mmoja ananiuliza nimempa nini. Nimewaambia ni mafuta ya nyumbani.

Sasa hivi amelala, kanuna. Kesho simu naiweka mlangoni, na keshokutwa mwisho wa ukumbi kule kwenye ngazi. Niandikie, dada. Andika chochote, lakini iwe ndefu.

Nasima